Sinema Ambayo Steringi Alikufa

Zama zetu kulikuwa na kanuni moja ya sinema ambayo haikuandikwa popote na kila mtoto aliijua: steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungwe kamba relini na treni linakuja, wewe tulia, menya karanga zako, atatoka. Akifa adui tunapiga makofi. Akifa rafiki wa steringi tunasikitika kidogo, maana rafiki wa steringi kazi yake ndiyo hiyo. Kwa kanuni hiyo tuliangalia makauboi, tukaangalia sinema za Kihindi, tukamwangalia Bruce Lee akirusha mateke. Ndipo ikaja "Earthquake", sinema ya tetemeko la ardhi iliyotoka Marekani Novemba 1974 na kutufikia sisi baadaye, kama zilivyokuwa zikitufikia zote. Charlton Heston, mtu ambaye alishakuwa Nabii Musa na alishakuwa Ben-Hur, anachukuliwa na maji ya bwawa lililopasuka, anazama yeye na mkewe, taa zinawashwa. Wapo waliobaki vitini wakisubiri aibuke.

Mabishano ya njiani yalikuwa juu ya hilo: kafa kweli au kuna sehemu ya pili? Mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa kijana wa saiti, ndiyo kwanza nimepewa kusimamia mafundi wa nondo na zege, na sikuwahi kuona steringi ambaye kazi yake ni nguzo na boriti. Stewart Graff, ndivyo anavyoitwa mle ndani, ni mhandisi wa majengo Los Angeles. Hana bastola wala farasi. Ana michoro, ana mke wasiyeelewana, na ana bosi ambaye ndiye baba mkwe wake. Ugomvi wake kabla ardhi haijaanza kucheza ni wa ofisini: jengo lijengwe kwa kiwango kile kile ambacho sheria inataka, basi, au liimarishwe zaidi kwa sababu mji wenyewe umekaa mahali pabaya? Anayelipa hataki gharama za ziada, na baba mkwe anamwelewa anayelipa. Baadaye, mji ukiwa umelala chini, Graff anasema anaionea aibu taaluma yake.

Sinema hiyo haikuokotwa hewani. Februari 9, 1971, asubuhi na mapema, tetemeko la kipimo cha 6.6 lilipiga bonde la San Fernando, kaskazini mwa mji. Walikufa zaidi ya watu 60, wengi wao katika hospitali ya wanajeshi wastaafu pale Sylmar, kwenye majengo ya miaka ya 1920, yaliyosimamishwa kabla California haijawa na kanuni za maana za kujikinga na matetemeko. Hilo watu wangeweza kulimeza: jengo la kizee limeanguka. Kilichowashtua ni Olive View, hospitali mpya, bado inanukia rangi. Minara yake ya ngazi iling'oka na kulala chini, jengo kuu likaegemea upande mmoja, na hatimaye ikabidi livunjwe. Na juu ya bonde hilo hilo kulikuwa na bwawa la Lower Van Norman, lililozuiwa kwa tuta la udongo. Kipande kikubwa cha tuta kiliteleza kikaingia majini, na kilichobaki kati ya maji na nyumba za watu kilikuwa kimo cha kama mita moja na nusu. Watu 80,000 waliamriwa kuhama huku maji yakipunguzwa.

Kwa hiyo waliotunga mwisho ule wa bwawa hawakuwa wakiota. Walihamisha tu mahali. Ndani ya sinema linalopasuka ni bwawa la Mulholland, lililo mlimani juu ya Hollywood, na jina hilo lina historia yake. William Mulholland ndiye aliyeiletea Los Angeles maji kutoka mbali, na mji ukamsujudia. Kisha usiku wa Machi 12, 1928, bwawa lake jingine, St. Francis, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 400. La Hollywood lilikuwa ndugu yake. Wakazi wa chini yake hawakulala tena vizuri, mpaka katika miaka ya 1930 ukuta ule ukajaziwa udongo kwa mbele na kupandwa miti, ili uwe imara na pia, nadhani, ili watu wasiuone kila wanapoinua macho. Mtu wa Los Angeles aliyekata tiketi mwaka 1974 alikwenda kuona kitu anachokijua kwa jina.

Tukirudi Olive View, ngoja niseme kidogo juu ya ringi, maana humo ndimo nilimokula mkate wangu. Nguzo ya zege ina nondo za wima, na nondo hizo hufungwa kwa ringi, yaani pete za nondo nyembamba, kuanzia chini mpaka juu. Siku za kawaida mzigo unashuka moja kwa moja na ringi haina kazi kubwa. Siku ardhi inaposukuma kwa ubavu, zege la nje la nguzo hubanduka kwanza. Hapo ndipo ringi inaulizwa kazi yake. Kama ringi zimekaa karibu karibu, zege la ndani linabaki limebanwa na nguzo inaendelea kubeba hata ikiwa imepinda. Kama zimeachana, nondo za wima zinachomoza nje na tumbo la nguzo linamwagika. Pale Olive View yalionekana yote mawili katika jengo moja: nguzo zilizozungushiwa nondo nyembamba mfululizo, toka sakafu hadi dari, zilipinda kupita kiasi lakini zikasimama, za pembeni zilizofungwa kwa ringi za mbali mbali zilisagika. Wahandisi wa dunia nzima walikwenda kupiga picha nguzo zile, na kanuni za ujenzi zikaandikwa upya kwa sababu yao. Sheria ya California ya kuzifanya hospitali zihimili matetemeko ilianza kutumika 1973.

Kwetu saiti jambo hilo kila fundi analijua, na kila fundi anajua pia jinsi ya kulikwepa. Ukigeuza shingo dakika chache, ringi ya kila sentimita 15 inakuwa ya kila sentimita 30. Mkandarasi mmoja, sina haja ya kumtaja, aliwahi kuniambia nikiwa bado kijana: "Bwana mdogo, zege likishamwagwa nani ataiona?" Alisema kwa upole kabisa, kwa namna ya mtu anayekufundisha maisha.

Nimeiangalia tena sinema hiyo hivi karibuni, safari hii nyumbani, nikiwa na mjukuu wangu anayesoma ukadiriaji majenzi. Yeye ndiye aliyeitafuta kwenye intaneti baada ya kuchoka kunisikia nikiisifia. Basi alicheka! Kuna mahali lifti imejaa watu, kamba inakatika, inashuka mpaka chini, na kwa namna ya kuonyesha kwamba wamekufa, matone mekundu yanarukia kwenye kioo cha kamera. Yamechorwa. Yanaonekana kabisa kwamba mtu alikaa mezani na rangi akayachora juu ya filamu. "Babu, hii damu au tomato sosi?" Sikuwa na la kumjibu, maana hata wakati ule tuliguna.

Lakini nilimtaka asimamishe picha pale mji unapoonekana kutoka mbali, magorofa yamevunjika, moshi unapanda. Ile ni michoro ya mkono ya Albert Whitlock, iliyochorwa kwa rangi, kisha ikaunganishwa na picha halisi. Mtu mmoja na brashi yake aliuangusha mji mzima, na yeye na wenzake wakapewa tuzo maalumu ya Oscar. Sauti nayo ilipata Oscar. Watu wa studio ya Universal walikuwa wamebuni mtambo walioupa jina Sensurround, maspika makubwa yanayotoa mngurumo mzito ambao unausikia kifuani kabla ya masikioni. Katika ukumbi maarufu wa Chinese Theatre, Hollywood, ilibidi watandike wavu juu ya watazamaji ili kudaka vipande vya plasta ambavyo vingeweza kudondoka darini. Ukumbi nilioukalia mimi haukuwa na mtambo huo. Walioshughulika kutikisa viti ni vijana wa nyuma.

Na yule mlevi! Walter Matthau, mwigizaji mkubwa, kajificha kwenye jina refu lisilosomeka na kofia ya ajabu, baa inaporomoka yeye anainua glasi yake. Kila ukumbi duniani nafikiri ulikuwa na mtu wa namna hiyo akimtazama.

Mjukuu wangu alivumilia matetemeko. Alichoshindwa ni mikutano. Kila watu walipokaa mezani alichukua rimoti akasogeza mbele. Na mimi naamini sinema ile iko mezani. Kuna kijana mmoja katika taasisi ya uchunguzi wa matetemeko, mdogo kuliko wote ofisini, aliyepiga hesabu zake na kuona kwamba mitikisiko midogo ya asubuhi ni kitangulizi cha mkubwa. Anapeleka hesabu kwa wakubwa. Wakubwa wanatazamana. Tukitangaza na lisitokee, tutachekwa. Tukitangaza na watu wakakimbia ovyo, watakanyagana barabarani. Tusipotangaza je? Wanaishia katikati, wanawaweka tayari askari wa akiba wa jimbo huku wananchi wakiendelea na shughuli zao. Hakuna mwovu katika chumba kile. Wote wanavaa tai, wote wanasema kwa adabu, na kila mmoja ana sababu ambayo ungeikubali ungekuwa kwenye kiti chake. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijaona sinema nyingine iliyovipatia vile.

Jirani zetu wa Goma, huko Kongo, wanakijua chumba hicho vizuri zaidi kuliko Hollywood. Januari 17, 2002, ujiuji wa moto wa mlima Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu, mamia ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Gisenyi, na wengi wakarudi baada ya siku chache mawe yakiwa bado na moto, kwa sababu mali yao iko huko. Mlima ukalipuka tena Mei 22, 2021, bila onyo lolote kwa wananchi, ukaua watu zaidi ya 30. Kituo cha kuuchunguza kilikuwa kimekatikiwa fedha za wafadhili na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vyake. Kijana wa kwenye sinema alikuwa na bahati: alikuwa na hesabu za kupeleka.

Watoto wangu, waliozaliwa kati yangu na huyu mjukuu, ndio kizazi cha kanda za video na vibanda umiza. Wao hawakuziangalia sinema peke yao, walikuwa na Lufufu, akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za Wazungu, akiwapa waigizaji tabia ambazo hata wenyewe hawakujua kwamba wanazo. Mtafsiri mzuri wa kibandani anajua kwamba wakubwa wakikaa mezani watu watasinzia, hivyo hapo ndipo huingiza mzaha wake. Mikutano ilishaanza kufa tangu hapo.

Sinema yangu ilipokwisha, mjukuu akaniambia sasa ni zamu yake, akaniwekea "San Andreas" ya mwaka 2015. Mji ni ule ule, na San Francisco imeongezwa juu. Siwezi kusema uongo, nilishika mkono wa kiti. Kompyuta zimefanya kazi ambayo Whitlock hakuiota: barabara inajikunja, magorofa yanaegemeana na kusagana, wimbi linalivamia daraja la Golden Gate na meli ya makontena juu yake. Wataalamu wa matetemeko walisema mpasuko ule hauwezi kufikia kipimo cha 9 na ushei kama ilivyo kwenye sinema, na kwa kuwa mpasuko wenyewe unapita zaidi nchi kavu, ardhi ikiteleza ubavu kwa ubavu, hauwezi kuinua wimbi la namna ile. Hilo nalisamehe. Sinema ni sinema.

Nisilolisamehe ni helikopta. Steringi, Dwayne Johnson, ni rubani wa uokoaji katika idara ya zimamoto ya Los Angeles. Mji unaanguka. Ana helikopta ya umma, amelipiwa mafunzo na umma, na chini yake kuna mamilioni ya watu. Anafanya nini? Anakwenda kumchukua mkewe waliyetengana juu ya paa, kisha wanaondoka pamoja kwenda mji mwingine kabisa kumtafuta binti yao. Helikopta inapoharibika wanachukua gari, gari likishindwa wanachukua ndege, ndege ikiisha wanachukua boti. Wale wa Los Angeles waliokuwa wakipunga mikono hatuwaoni tena. Nilimuuliza mjukuu wangu: huyu si mtoro kazini? Akanishangaa. "Babu, ni familia yake."

Wapo wengine waliouliza swali hilo sinema ilipotoka, si mimi wa kwanza. Kinachonishughulisha ni jinsi lilivyomshangaza. Halikuwa limempitia akilini. Na sinema yenyewe imepangwa lisimpitie mtu: kamera haigeuki nyuma.

Tazama pia walivyomfanya mjenzi. Mwaka 1974 mtu wa majengo ndiye steringi, mwenye dhamira inayomsumbua. Mwaka huo huo, mwezi mmoja baadaye, ikatoka "The Towering Inferno", ghorofa refu kuliko yote linawaka moto kwa sababu nyaya za umeme zilizowekwa si zile zilizoandikwa kwenye maelezo ya kazi, na Paul Newman, aliyelichora, anahangaika ndani ya jengo lake mwenyewe. Ukitoka ukumbini unamtazama fundi umeme wako kwa jicho jingine. Kufika 2015 mjenzi wa magorofa ni tajiri mwoga anayemtelekeza binti wa watu kwenye gari lililobanwa na zege, akakimbia, na baadaye anaangukiwa na kontena. Watazamaji wanashangilia. Kontena likishamwangukia, habari ya ujenzi imekwisha. Mwishoni bendera inakunjuliwa darajani, mke anauliza watafanya nini sasa, mume anajibu kwamba watajenga upya. Kujenga kwa kanuni gani, nani atakagua, hakuna aliyetaka kujua.

Sisi tulilelewa na Azimio la Arusha. Tulifundishwa shuleni, redioni na kwenye mikutano ya hadhara kwamba kitu kikiharibika, swali la kwanza ni la wote: nani alikabidhiwa? Sidai kwamba tulikuwa watu wema kuliko hawa. Hatukuwa na njia nyingine. Sukari ilikuwa na foleni moja, unga foleni moja, bomba lilikuwa moja mtaani, likikauka limekaukia wote na mwenyekiti wa mtaa hakai kwa raha. Huyu mjukuu wangu amekulia katika nyumba yenye kisima chake, jenereta lake, mlinzi wake getini, na shule yenye basi lake. Maji ya mji yakikatika yeye hajui mpaka asome kwenye simu. Wazazi wake walijenga hivyo kwa jasho na kwa nia njema, na siwalaumu, nimekunywa maji ya kisima kile. Ila ukishamlea mtoto namna hiyo, rubani anayeruka na helikopta ya serikali kumfuata mwanawe anamwona baba mwema, basi. Kila nyumba inatafuta helikopta yake. Wasio na uwezo wanatafuta bodaboda.

Nilimwambia hayo. Wajukuu wana ruhusa ambayo watoto hawana, akanijibu bila kupepesa. "Babu, mlikuwa mnauliza, sawa. Majibu yako wapi?" Akanitajia mafuriko ya Desemba 2011, makumi ya watu walipokufa Dar es Salaam na waliookolewa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Akanitajia karakana ya mabasi iliyojengwa bonde la Jangwani, bonde ambalo kila mtu wa umri wangu alijua linajaa maji, na mabasi yakawa yanaogelea. "Hao walioidhinisha si wa rika langu. Wote walikaa kikao. Pengine na chai walikunywa." Halafu akamrudia Graff wangu. Alijua, akabishana, akashindwa, jengo likajengwa hivyo hivyo, na mwisho akazama. "Steringi wenu alijua kila kitu na hakuokoa mji. Wetu hakujua kitu, lakini mwanawe yuko hai."

Nilinyamaza kidogo. Kuna jibu, lakini si fupi, na halikai vizuri kwenye mdomo wa mtu aliyekuwa akisaini vitabu vya saiti.

Nilichomkumbusha ni Kariakoo. Sisi hatukungoja tetemeko. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji wa Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, asubuhi ya Jumamosi, likaanguka jingine Kariakoo, la ghorofa chache tu, maduka yakiwa yamefunguliwa na wateja wamo. Walikufa zaidi ya watu 25. Ardhi haikuwa imetikisika hata kidogo. Picha za kwanza zilikuwa za simu, na mimi, kama wazee wote, nilianza kulalama kwamba vijana hawa hata mtu akifukiwa wanapiga picha. Kisha nikaangalia vizuri picha zenyewe. Waliokuwa juu ya kifusi kabla ya winchi na mitambo ni wamachinga, wabeba mizigo, mafundi, vijana wa maduka ya jirani, wanavunja zege kwa nyundo na kwa mikono, wanapokezana matofali. Walio chini walikuwa bado wanawasiliana na walio juu, wakapelekewa maji, glukosi na oksijeni kupitia matundu. Kijana mwenye fulana nyekundu alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeingia kwenye upenyo, miguu imeshikwa na wenzake wawili. Sidhani kama aliyekuwa mle chini alikuwa nduguye.

Mjukuu wangu alikuwa na picha hiyo hiyo kwenye simu yake. Akasema, "Unaona? Nani alikuwa na kikao pale?" Nikamwambia hakuna, ndiyo maana walikuwa na nyundo na si kreni.

Kwa namna fulani tulikuwa tumefika kwenye hesabu, na hesabu ndiyo fani yake. Waziri Mkuu aliunda timu ya kukagua maghorofa ya Kariakoo, na mjukuu alitaka kujua ukaguzi wa namna hiyo unaanzaje, unaangalia nini, unaishia wapi. Nikamrudisha Los Angeles, mji halisi safari hii. Januari 17, 1994, saa kumi na nusu alfajiri, tetemeko la Northridge lilipiga. Katika nyumba moja ya kupanga ya ghorofa tatu, Northridge Meadows, walikufa watu 16, wote wa ghorofa ya chini. Chini ya nyumba ile sehemu ilikuwa maegesho ya magari, wazi, pamesimama kwa nguzo nyembamba bila kuta za kutosha, ghorofa mbili za juu zikaikalia. Nyumba za namna hiyo zimejaa mji ule, zilijengwa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960. Ukizitazama kwa jicho la Kariakoo utazijua mara moja, isipokuwa sisi chini hatuweki magari, tunaweka fremu za maduka, na mwenye duka akitaka nafasi zaidi anauliza ukuta huu una kazi gani.

Ikachukua miaka 21. Mtaalamu wa matetemeko Lucy Jones alikaa na ofisi ya meya, wakaandika mapendekezo, wenye nyumba wakapiga kelele, na mwaka 2015, miezi michache baada ya Dwayne Johnson kumwokoa binti yake kwenye sinema, baraza la mji likapitisha sheria kwamba nyumba hizo, kiasi cha 13,500, lazima ziimarishwe. Orodha ikaandikwa nyumba kwa nyumba, kila mwenye nyumba akapelekewa barua na muda wa kumaliza. Kazi yenyewe haina makuu: unachimba msingi chini ya maegesho, unaweka nguzo na boriti za chuma, unaongeza mbao za kukaza ukuta, unapaka rangi. Mpangaji anakosa mahali pa kuegesha gari kwa muda. Kilichobishaniwa kuliko uhandisi ni nani alipe, na mji ukaamua kwamba mwenye nyumba anaweza kuwatoza wapangaji mpaka nusu ya gharama, kidogo kidogo kwenye kodi ya mwezi, kwa miaka kadhaa.

Hapo mjukuu wangu hakusogeza kitu mbele. Alichukua karatasi akaanza kuuliza: chuma cha ukubwa gani, futi ngapi, msingi wa kina gani, kibali kinagharimu nini. Sikuwa na nusu ya majibu. Alipofika kwenye nusu ya gharama kwa mpangaji akaweka kalamu chini. Yeye amepanga chumba Sinza, na anasema mpangaji asilipe hata senti moja, maana si yeye aliyeziachanisha ringi wala si yeye aliyepunguza nondo. Mimi nasema alipe kidogo, hata kama ni elfu tano, ili siku mafundi wakija awe na haki ya kwenda chini kuchungulia kama nguzo imewekwa kweli. Anasema huo ni ujamaa wa kizee, haki ya kuchungulia asiwe anainunua. Bado tunabishana.